Zawadi kwa Mwalimu wa Farasi: Tazama Kazi Yake Kwanza

Desemba inapoingia, Nairobi huanza kupungua watu. Shule zimefungwa, mabasi ya kwenda magharibi na pwani yamejaa, na mazungumzo ya ofisini yamegeuka kuwa ya safari. Farasi hawaijui likizo hiyo. Asubuhi ya Krismasi, sawa na asubuhi nyingine yoyote, farasi wa kilo 500 atahitaji karibu kilo 10 za nyasi kavu kwa siku, maji lita 25 hadi 50 kutegemea joto na kazi, na mtu wa kuzoa samadi ya kilo 20 na zaidi aliyoiacha bandani tangu jana. Mwalimu anayefundisha watoto kupanda farasi kule Karen, Jamhuri au Ngong anaijua hesabu hiyo mgongoni na mikononi mwake.

Kwa hiyo zawadi ya kumfaa haianzii dukani. Inaanzia kwenye uwanja wa mchanga, kwa kumtazama akifanya kazi.

Soko la zawadi limejaa vitu vinavyomhusu farasi lakini havimhusu mwalimu: kikombe chenye picha ya farasi, fulana yenye maneno ya farasi, sanamu ya farasi ya kuweka mezani. Hakuna ubaya ndani yake. Ila mwalimu mwenye wanafunzi wengi hupewa vikombe kila mwaka, naye chai yake huinywa akiwa amesimama, kwa haraka, kati ya somo la saa tatu na somo la saa nne. Anayetaka kumshukuru kwa dhati atafute kitu kinachoonyesha kwamba kazi yake imeonekana.

Tazama, kisha uliza

Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya kutazama. Mzazi anayekaa kwenye benchi akisubiri mwanawe amalize somo ana nafasi nzuri kuliko mtu yeyote, mradi aiweke simu mfukoni. Mwalimu amesimama katikati ya uwanja kwa saa nyingi. Nairobi iko karibu na ikweta, kwenye mwinuko wa takribani mita 1,700, na jua la huko huchoma hata siku ambayo hewa ni baridi. Vumbi linampanda. Sauti yake inabidi imfikie mtoto aliye upande wa pili wa uwanja, juu ya farasi anayekwenda mchakamchaka. Kati ya somo na somo anainama kukaza mkanda wa tandiko, kurefusha au kufupisha vikuku, kuinua kwato na kutoa kijiwe.

Maswali matatu humpeleka mtazamaji mbali. Ni kitu gani kinachomwishia haraka? Ni kitu gani anachokiazima kwa wenzake? Na ni kitu gani amekisema mara kadhaa kwamba atanunua, kisha pesa zikaishia kwa daktari wa mifugo au kwa chakula cha farasi? Hili la tatu ndilo lenye utajiri. Watu wa farasi wana desturi ya kumnunulia farasi kwanza na wao wenyewe baadaye, na ile baadaye mara nyingi haifiki.

Ukikwama, muulize saisi. Yeye yuko mazizini tangu alfajiri, na anajua glavu zipi zimetoboka na koti lipi linavuja kuliko hata mwalimu mwenyewe.

Vitu vya mwili wake

Glavu ni mfano mzuri wa zawadi ndogo yenye akili. Mtu anapoendesha farasi, hatamu hupita kati ya kidole cha pete na kidole cha mwisho, kisha hutokea juu, chini ya kidole gumba. Hapo ndipo glavu huchakaa kwanza: mshono hufunguka upande wa ndani wa kidole cha pete, ngozi hulainika mpaka ikawa kama karatasi, na siku moja kidole kinatokeza. Glavu za kazi hii zina kiraka cha ziada mahali hapo hapo. Ukizishika dukani, pitisha kidole katikati ya vidole hivyo viwili. Usipokiona kiraka, hizo ni glavu za baridi tu. Mwalimu huzihitaji hata akiwa chini, kwa sababu anapomzungusha farasi kwa kamba ndefu na farasi akashtuka, kamba ile huchuna kiganja kwa nukta moja. Kipimo chake ni mzunguko wa kiganja kwenye vifundo vya vidole, bila kidole gumba. Saisi au mwenzake anaweza kuazima glavu kuukuu na kukuonyesha saizi.

Soksi ndefu nyembamba za kuvaa ndani ya buti ni zawadi nyingine isiyokosea. Buti za kupandia farasi huwa zimebana muundi, na soksi ya kawaida hukunjika ndani na kuchubua. Jozi tatu nzuri za soksi zitavaliwa mpaka ziishe, na hilo haliwezi kusemwa kuhusu sanamu ya mezani.

Kuna pia kofia ya pama yenye ukingo mpana kwa saa za kusimama uwanjani, mafuta ya kukinga jua yenye kiwango cha 50, chupa ya chai inayohifadhi joto kweli kweli, na koti la mvua linalofika chini ya magoti. Mwalimu anayefundisha kwa kupaza sauti kutwa atafurahia asali safi, ya Kitui au ya misitu ya miombo ya Tabora, pamoja na pakiti ya majani mazuri ya chai ya Kericho. Wazazi wakichanga wanaweza hata kumnunulia vile vipokea sauti vidogo vinavyomwezesha mwalimu kuongea kwa sauti ya kawaida na mwanafunzi akamsikia sikioni. Kwa mtu ambaye riziki yake iko kooni, hicho ni kifaa cha kazi.

Usisahau vya nyumbani kwetu. Kikoi kizito cha pwani hufaa shingoni asubuhi ya baridi na hufaa kukaushia nywele jioni. Kwa mwalimu mwanamke, doti ya kanga hupendeza, ila soma jina lake kabla ya kulipa: kuna kanga za shukrani na dua, na kuna kanga za kumpasha jirani. Mikanda ya ngozi iliyopambwa kwa shanga, ambayo wacheza polo wa Kenya huivaa sana, hutengenezwa hapa hapa. Fundi huyo huyo akipewa kipimo na rangi anaweza kupamba ule ukanda wa hatamu unaopita kwenye paji la uso wa farasi. Rangi za klabu, au rangi anazovaa mwalimu mashindanoni, huifanya iwe yake peke yake.

Kumpa farasi ni kumpa yeye, lakini kwa tahadhari

Walimu wengi wataguswa zaidi na kitu alichopewa farasi wao kuliko walichopewa wao. Hapa ndipo nia njema huleta matatizo, kwa hiyo uliza kabla ya kununua chochote kinachoingia mdomoni.

Karoti ni salama kwa farasi wengi, na Nairobi hazina shida kupatikana. Zikatwe kwa urefu, zisikatwe vipande vya duara, kwani kipande cha duara huweza kumkwama farasi kooni. Tufaha lililokatwa hufaa pia. Parachichi halifai kabisa: majani, gamba la mti na hata tunda lake vina sumu inayodhuru moyo wa farasi, na katika mashamba yetu yenye miparachichi hili linafaa kujulikana na kila mtoto. Mkate, kabichi na mabaki ya meza ya Krismasi vinaweza kumletea farasi chango, maumivu ya tumbo ambayo humuua mnyama mwenye afya kwa muda mfupi. Sukari nyingi huwaletea baadhi ya farasi, hasa poni wanene, uvimbe wa ndani ya kwato.

Chokoleti ina tatizo la ziada. Kakao ina thiobromini na kafeini, na vyote viwili vimo kwenye orodha ya FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, ya vitu visivyoruhusiwa mashindanoni. Kipande kimoja kutoka mkononi mwa mtoto mwenye upendo kinaweza kumwingiza mwalimu kwenye kesi.

Hii si hofu ya bure. Mwaka 2013, farasi wa Malkia Elizabeth II aliyeitwa Estimate alishinda Gold Cup ya Ascot, na ilikuwa mara ya kwanza kwa mfalme au malkia aliye madarakani kulitwaa kombe hilo. Mwaka uliofuata Estimate alimaliza wa pili, kisha vipimo vikaonyesha mofini mwilini mwake. Chanzo kilikuwa chakula kilichochanganyika na mbegu za mpopi kabla hakijafika zizini. Hakuna aliyekusudia kosa, lakini Estimate aliondolewa kwenye nafasi yake. Ikiwa zizi lililomtunza farasi wa malkia, lenye wataalamu wote wale, lilipatwa, mwalimu wa Karen ana haki ya kukataa biskuti za farasi zilizotengenezwa jikoni kwa mtu, na anayezileta asione amedharauliwa.

Kuna njia salama zaidi. Marobota ya nyasi za boma Rhodes yaliyolipiwa na kufikishwa mazizini hayana pambo, lakini Januari na Februari, jua linapokausha malisho na bei kupanda, mwalimu atamkumbuka aliyeyaleta. Barakoa ya wavu inayokinga macho ya farasi na nzi ni zawadi ya bei ya wastani. Wavu wenye matundu madogo sana wa kuziba madirisha ya banda una umuhimu wa pekee katika ukanda wetu: visubi, wale wadudu wadogo wanaouma kuanzia machweo hadi alfajiri, ndio wanaoeneza virusi vya ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao huua farasi wengi wasiochanjwa.

Vifaa vya kutunza ngozi navyo hutumika kila siku. Katika mvua za Machi hadi Mei, tandiko lililoachwa chumba chenye unyevu huota koga la kijanikibichi kwenye mishono na chini ya mikunjo. Sabuni ya glisirini ya matandiko, mafuta ya kulainisha ngozi, sponji mbili na vitambaa laini, vyote ndani ya ndoo imara yenye mfuniko, ni zawadi ambayo hata ndoo yake itafanya kazi.

Vitu vya kuacha dukani

Kofia ngumu isinunuliwe kwa kushtukiza. Mwaka 2021 FEI ilianza kuilazimisha hata kwa waendeshaji wa mtindo wa mafunzo (dressage), ambao wakubwa wao zamani waliruhusiwa kuvaa kofia ndefu za kitambaa, kwa hiyo umuhimu wake hauna mjadala. Tatizo ni kwamba hukinga kichwa tu ikiwa imekikaa sawasawa, na vichwa vina maumbo tofauti: vingine mviringo, vingine virefu. Lazima ijaribiwe na mvaaji mwenyewe. Usinunue ya mitumba hata ikiwa inang'aa, kwa sababu kofia iliyokwisha kuanguka au kupigwa mara moja huwa imepondeka kwa ndani bila kuonyesha ufa. Watengenezaji wengi hushauri ibadilishwe baada ya ajali, au baada ya miaka mitano hivi ya matumizi. Ukitaka kumpa, mpe kadi ya kulipiwa kofia akaichague.

Tandiko nalo hukaa kwenye mgongo wa farasi mahususi na chini ya mtu mahususi, hivyo mgeni hawezi kulichagua. Lijamu ni uamuzi wa kitaalamu: unene wake, umbo lake na viungo vyake hubadilisha kile farasi anachokisikia mdomoni. Mjeledi na michokoo ya kisigino iachwe pia. Kumpa mwalimu kifaa cha kumhimizia farasi, bila yeye kukitaka, kunaweza kusomeka kama maoni juu ya ufundishaji wake.

Imani yake na ngozi ya zawadi

Likizo ni ya anayepewa. Mwalimu au saisi Mwislamu wa Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam hatakasirika kupewa zawadi Desemba, lakini ile itakayomfikia Idd el Fitri itakuwa imemlenga yeye. Ni vivyo hivyo kwa familia zenye asili ya Zanzibar na pwani zinazoishi Maskati, mahali ambapo farasi ni sehemu ya fahari ya taifa na Kiswahili bado kinazungumzwa majumbani: huko msimu wa zawadi hufuata mwezi mwandamo.

Jambo moja wanunuzi wengi hawalifikirii. Vifaa vya farasi vya mtindo wa Kiingereza vimetumia ngozi ya nguruwe tangu zamani, hasa kwenye kikalio cha tandiko, na hadi leo zipo glavu za kupandia farasi za ngozi hiyo. Brashi za bei ghali za kusafishia farasi nazo zinaweza kuwa za nywele za nguruwe. Soma lebo, na ikiwa haisemi, muulize muuzaji waziwazi. Ngozi ya ng'ombe, ya mbuzi, au kitambaa cha kutengenezwa kiwandani kitamwondolea mpokeaji fedheha ya kukirudisha. Mvinyo na vikapu vyenye pombe vihitaji uhakika huo huo, naye Mkristo asiyekunywa ahesabiwe pia.

Kumbukumbu ambazo mwalimu hana

Mwalimu hutumia maisha yake akiwatazama wengine na kuwapiga picha wengine. Simu yake imejaa watoto waliovuka kizuizi chao cha kwanza, naye hayumo. Mpige picha akiwa kazini bila kumpanga: mkono juu, macho kwa mwanafunzi, vumbi likiwa limesimama nyuma ya farasi. Asubuhi mapema au saa kumi na moja jioni mwanga ni mzuri zaidi. Ichapishe kwa ukubwa, itie fremu, na nyuma yake andika tarehe na jina la farasi. Kabla ya kuweka picha yenye watoto wa wengine, omba ruhusa ya wazazi wao.

Fundi wa kwato huja kila baada ya wiki sita hadi nane, na viatu vikuukuu vya chuma hubaki kwenye ndoo yake. Kiatu cha farasi yeyote tu hakina maana kubwa. Kiatu cha yule farasi mzee aliyefundisha kizazi kizima cha watoto wa klabu, kilichosuguliwa kutu na kuandikwa jina lake, kina maana. Nywele za mkia nazo husukwa bangili au kitanzi cha funguo. Ziombwe kwa mwenye farasi, zikatwe kwa ndani mahali pasipoonekana, na ikiwa farasi amekufa karibuni, muulize kwanza mtu wa karibu na mwalimu kama wakati umefika.

Kwa mwalimu msomaji, kumbukumbu za Beryl Markham, *West with the Night*, zilizotoka mwaka 1942 na kufufuliwa kwa toleo jipya mwaka 1983, zina uzito wa pekee hapa Kenya. Markham alikulia kwenye shamba la farasi la baba yake huko Njoro, akapata leseni ya kufunza farasi wa mbio akiwa na umri wa miaka 18 hivi, na mwaka 1936 akaruka peke yake kwa ndege kuvuka Atlantiki kutoka Uingereza hadi Nova Scotia. Alirudi kwenye farasi, na uzee wake aliumalizia kwenye nyumba ndogo katika uwanja wa mbio wa Ngong, hadi alipofariki mwaka 1986. Kwa mpenda historia, kijitabu cha Mgiriki Xenophon kuhusu ufugaji na uendeshaji wa farasi kina zaidi ya miaka 2,300, na onyo lake la kutomwendea farasi kwa hasira bado hurudiwa na walimu kila siku.

Barua ya mwanafunzi ndiyo inayodumu kuliko vyote, na haigharimu kitu. Isiwe ya sifa za jumla. Mtoto aandike siku moja tu: siku farasi alipokataa kizuizi mara mbili na mwalimu akasema nini, siku alipoanguka na mwalimu akamfanyia nini kabla ya kumpandisha tena. Mzazi asiisahihishe herufi hata moja.

Wapo walimu ambao kila ukiwauliza wanataka nini hukuambia hawataki kitu. Kwao, mchango kwa jina lao unafaa. Shirika la Donkey Sanctuary limekuwa na kliniki ya punda Lamu tangu mwaka 1987, katika mji ambao vichochoro vyake havipitiki kwa gari na mizigo mingi hubebwa na punda. Nairobi kuna KSPCA, chama cha kulinda wanyama. Lipa, chukua risiti, iweke ndani ya kadi.

Pesa, na mchango wa wazazi

Pesa taslimu si utovu wa adabu ikitolewa kwa adabu. Kiasi gani? Taasisi ya Emily Post ya Marekani, ambayo miongozo yake ya adabu husomwa sana, humpendekezea mkufunzi binafsi wa mazoezi kiasi kisichozidi bei ya kipindi kimoja, au zawadi. Kipimo hicho ni rahisi kukibeba hadi kwenye uwanja wa farasi: bei ya somo moja, ndani ya bahasha, pamoja na barua. Ikipitia M-Pesa, ujumbe utangulie, ili pesa zisifike kama malipo ya deni.

Wazazi wakichanga, mmoja awe mweka hazina na aonyeshe hesabu mwishoni. Kadi iwe na majina ya watoto wote kwa mpangilio wa alfabeti, bila kuonyesha nani alitoa ngapi, wakiwemo wasioweza kutoa. Mchango wa namna hii ndio unaoweza kununua koti zuri, buti mpya au nauli na ada ya mafunzo ambayo mwalimu amekuwa akiyatamani.

Yapo mambo mawili ya kuheshimu. Mwalimu akiwa pia mwamuzi, au mmoja wa wanaochagua timu, zawadi kubwa kabla ya uteuzi humtia mahali pabaya, hivyo ingoje matokeo. Na zawadi itoke kwa mzazi na mtoto pamoja, mbele ya watu. Urafiki wa mtu mzima na mtoto michezoni hulindwa kwa uwazi.

Saisi asiachwe

Mtoto anapofika na kumkuta farasi amesuguliwa, ametandikwa na anangoja kivulini, kuna mtu aliyeamka gizani. Saisi ndiye anayegundua kwamba farasi hakumaliza chakula, kwamba mguu mmoja una joto, kwamba mkanda umekatika. Usalama wa mtoto huanza kwake, na kumpa mwalimu zawadi huku saisi akitazama ni kosa ambalo likizo nzima hailifuti.

Mjue jina lake, na kama mazizini wanamwita Baba Fulani au Mzee Fulani, mwite hivyo na uliandike hivyo kwenye kadi. Zawadi yake iwe na manufaa ya moja kwa moja: gambuti za saizi yake, koti la mvua, tochi ya kichwani ya alfajiri, au furushi la unga, mchele, mafuta na sukari. Bora zaidi mara nyingi ni pesa, kwa sababu nauli hupanda Desemba na anayekwenda kwao hawezi kushuka kwenye basi mikono mitupu. Mpe kabla hajasafiri. Mahali penye masaisi kadhaa, mpango wa wazazi uwaguse wote kwa kiasi kilicho sawa, wakiwemo wa zamu ya usiku.

Jinsi ya kuikabidhi

Farasi ni mnyama wa kuwindwa na wengine. Macho yake yaliyo pembeni mwa kichwa humwezesha kuona karibu pande zote, na kitu kinachochakarisha au kupepea humwambia akimbie. Karatasi ya kung'aa, mfuko wa plastiki, puto na hata ile kanga mpya inayokunjuliwa upeponi haviendi pamoja na farasi aliyepandwa na mtoto. Zawadi ikabidhiwe ofisini, garini au chini ya mti walipo wazazi, baada ya somo la mwisho na farasi wakiwa wamerudi mabandani. Funga kwa kitambaa au kikapu badala ya karatasi.

Usimkabidhi katikati ya foleni ya wanafunzi, na usitegemee afungue mbele yako. Wengi wetu tumelelewa kupokea kwa mikono miwili, kushukuru, na kufungua baadaye.

Vifaa vya kuagiza ng'ambo viagizwe Oktoba, kwa sababu ya usafiri na ushuru wa forodha. Kazi ya shanga na ngozi ipelekwe kwa fundi mapema Novemba, naye aachiwe wiki tatu. Mchango wa wazazi ufungwe wiki ya kwanza ya Desemba, kabla familia hazijatawanyika.

Na ikiwa kalenda inasoma tarehe 23 na mkononi hakuna kitu, bado kuna la kufanya. Mtoto aandike ile barua leo. Mpigie mwalimu umuulize ni zamu ipi ya Krismasi au ya mwaka mpya imekosa watu, kisha ujitolee kwa saa mbili: kusukuma toroli la samadi, kujaza ndoo za maji, kutandaza maranda mapya ya mbao. Vaeni viatu vilivyofunika vidole, fuateni maelekezo ya saisi, na msiingie banda la farasi yeyote bila kuambiwa. Zamu ya saa kumi na mbili asubuhi ndiyo ngumu kupata mtu, kwa hiyo muombe hiyo.